Kompyuta ya stoo inasema saa nne, na kweli ni saa nne. Sasa pesa zinapotelea wapi?

Mwanakirumba (mwanzisha uzi)
Jumatano, saa 4:40 asubuhi

Wakuu, habari za asubuhi. Nina jambo linanikosesha usingizi, na naomba kabla hujaandika "zima uwashe" usome mpaka mwisho.

Kaka yangu ana stoo ya dagaa hapa Kirumba, Mwanza, jirani na soko la Mwaloni. Mimi ndiye namwangalizia mambo ya kompyuta. Mashine ni moja tu, imekaa chini ya meza ya karani, ina Ubuntu (mfumo wa Linux), MySQL ya kutunza data na programu ndogo ya mauzo niliyoiandika mwenyewe kwa PHP. Mzigo unaingia usiku na boti kutoka visiwani, na wanunuzi wa jumla wanaanza kupima kuanzia saa tisa usiku ili malori yao yawahi barabara. Karani anafunga saa tisa mchana, anamkabidhi kaka pesa na daftari. Kesho yake asubuhi ripoti ya mashine inatoka, kaka analinganisha.

Hazilingani. Jumatano ya tarehe 28 Agosti karani alikabidhi 4,870,000. Mashine ikasema mauzo ya Jumatano ni 5,660,000. Pengo la 790,000. Alhamisi akakabidhi 5,315,000, mashine ikasema 4,085,000! Yaani siku hiyo karani kaleta ziada ya 1,230,000. Mwizi gani anaiba Jumatano halafu anarudisha Alhamisi na riba juu?

Kaka ziada haioni. Anaona upungufu tu. Ameshaanza kumwangalia huyu binti kwa jicho la pembeni, na juzi kamwambia mshahara wa mwezi huu usubiri.

Jambo jingine la ajabu: nimepitia ripoti za Agosti nzima. Kati ya tarehe 18 na 22, siku za mbalamwezi, tofauti ni ndogo mno. Giza likirudi, tofauti inarudi. Kaka kasema huo ni ushirikina wa watu wa visiwani. Mimi siamini mambo hayo lakini kalenda ninayo mkononi.

Nilichokagua: programu inajumlisha sawa, hakuna mauzo yaliyofutwa, saa ya kompyuta iko sawa. Nimeitazama nikiwa stoo, ilikuwa 4:14, na kweli ilikuwa saa nne na dakika kumi na nne.

Sato_Mkavu
Betri ya CMOS hiyo mkuu. Nunua ile ya duara, CR2032, badilisha. Uzi ufungwe.

BwiruKwetu
Karani mwizi. Anazungusha pesa, anakopesha jioni anarudishiwa asubuhi. Nimeona hiyo pale sokoni mara nyingi tu.

Mwanakirumba
@Sato_Mkavu betri ikifa saa inarudi nyuma miaka, haikai sawa hadi dakika.
@BwiruKwetu kaka, usimhukumu mtoto wa watu. Daftari lake liko safi kuliko programu yangu.

Karabai
Jumatano, saa 5:21 asubuhi

Wengine tulieni kidogo. Mwanakirumba, rudia hapo kwenye saa. Umesema kompyuta ilikuwa inaonyesha 4:14, na saa ya mkononi ilikuwa saa nne na robo *asubuhi*?

Saa nne asubuhi kompyuta inatakiwa ionyeshe 10:14. Kompyuta haijui Kiswahili.

Fungua ile skrini nyeusi, andika hivi, halafu bandika majibu yote hapa bila kukata:

`timedatectl`

Mwanakirumba
Jumatano, saa 5:34 asubuhi

Haya:

`Local time: Wed 2024-09-04 05:32:08 -03`
`Universal time: Wed 2024-09-04 08:32:08 UTC`
`RTC time: Wed 2024-09-04 08:32:08`
`Time zone: Etc/GMT+3 (-03, -0300)`
`System clock synchronized: yes`
`NTP service: active`
`RTC in local TZ: no`

Mbona naona kama ni sawa? Sisi ni +3, na hapo imeandikwa GMT+3.

Karabai
Jumatano, saa 5:58 asubuhi

Nimecheka peke yangu ofisini mpaka watu wamegeuka. Samahani, sikucheki wewe. Miaka yote nimeona zoni zilizokosewa, lakini hii ya kukosea ikaangukia kwenye saa ya Kiswahili sijawahi kuiona.

Soma mstari wa pili kwanza, ule wa UTC, saa ya kulinganishia ya dunia nzima. Unasema 08:32. Ongeza tatu, unapata 11:32, ambayo ndiyo saa tano na dakika 32 ya hapa Mwanza. Kwa hiyo saa yenyewe ya mashine iko sawa kabisa, inajirekebisha kwa intaneti, betri haina kosa. Kilichokosewa ni saa za eneo, yaani mashine imeambiwa iko wapi duniani.

Sasa tazama ile `-03` mwisho wa mstari wa kwanza. Imeandikwa hasi. Majina ya familia ya `Etc/GMT` alama zake zimegeuzwa. Ni urithi wa kanuni ya zamani ya POSIX: namba pale inakueleza uongeze saa ngapi kwenye saa ya ulipo ili uifikie UTC. Aliye magharibi ya Greenwich anaongeza, kwa hiyo anapewa chanya. Aliye mashariki kama sisi anapunguza, anapewa hasi. `Etc/GMT+3` ni saa za Buenos Aires na São Paulo. Sisi tungekuwa `Etc/GMT-3`.

Mashine yenu imekaa chini ya meza Kirumba lakini inauza dagaa kwa saa za Brazili.

Na hapa ndipo penye uchawi wenyewe. Kutoka +3 mpaka -3 ni saa sita kamili. Saa ya Kiswahili na saa ya kompyuta zinapishana saa ngapi? Sita. Kwa hiyo saa moja asubuhi mashine inaandika 01:00. Saa nne inaandika 04:00. Saa kumi na nusu jioni, 10:30. Mchana kutwa kila anayepita mbele ya ile skrini anaona saa yake mwenyewe, ile aliyofundishwa na bibi yake, anaridhika anaendelea na kazi. Ingekuwa imekosea saa mbili, mngeijua siku ya kwanza.

Kasoro iko kwenye tarehe. Kwa mashine yenu siku mpya inaanza saa kumi na mbili asubuhi. Mauzo yote ya kuanzia saa tisa usiku mpaka kumi na mbili yanaandikwa kwenye jana. Ripoti ya "Jumatano" imebeba Jumatano kuanzia saa kumi na mbili asubuhi pamoja na usiku wa kuamkia Alhamisi, na imeuacha usiku wa kuamkia Jumatano, ambao karani wako ameuhesabu kama binadamu.

Una risiti za EFD, ile mashine ya risiti za kodi? Hiyo ina saa yake, haitegemei kompyuta yako. Linganisha moja ya alfajiri.

Mwanakirumba
Jumatano, saa 6:45 mchana

Nimerudi stoo, nimechukua risiti ya tarehe 29. EFD imeandika tarehe 29, saa 04:52. Mashine yangu, mauzo hayo hayo, gunia zile zile, imeandika tarehe 28, saa 22:52.

Nimekaa chini na kikokotoo. Usiku wa kuamkia Jumatano tuliuza 1,620,000. Jumatano mchana 3,250,000. Jumlisha: 4,870,000, shilingi kwa shilingi kama alivyokabidhi. Usiku wa kuamkia Alhamisi tuliuza 2,410,000. Ukiichukua hii ukaibandika kwenye ile 3,250,000 unapata 5,660,000 ya mashine.

Na mbalamwezi nayo imejieleza. Mwezi ukiwa mpevu dagaa hawafuati taa, wavuvi wanapumzika, boti za usiku zinakuwa chache. Tunauza mchana tu mzigo uliokuwepo. Hakuna mauzo ya saa tisa usiku, basi hakuna cha kuhamia jana.

Mikono inatetemeka wakuu. Huyu binti kasemwa mwezi na zaidi.

dada_Buzuruga
Pole kaka. Sasa nani aliweka hiyo zoni? Aliyefunga huo mfumo naye aulizwe, maana watu wanalipwa pesa nzuri halafu wanakuachia bomu.

Karabai
Dada ana hoja. Ubuntu inatunza kumbukumbu ya kila amri ya sudo, yaani ya msimamizi. Jaribu:

`sudo journalctl _COMM=sudo | grep set-timezone`

Mwanakirumba
Jumatano, saa 7:10 mchana

Nimejaribu.

Tarehe 22 Juni. Jina la mtumiaji ni langu.

Sasa nimekumbuka hata ilivyokuwa. Siku ile tulikuwa tunahamisha kila kitu kutoka mashine ya zamani. Niliandika `timedatectl list-timezones`, orodha ikaja ndefu kama treni ya Tabora, nikachoka kushuka, nikaamua kutafuta "+3" tu kwa sababu najua sisi ni +3. Ikatokea `Etc/GMT+3`. Nikaiweka. Nikaandika `date` kuhakikisha, nikaona 04 na dakika zake, nikatazama saa ya ukutani, nikasema safi. Saa ya pembeni ya skrini nikaiondolea AM na PM kwa sababu karani alisema zinamchanganya. Kithibitisho cha mwisho nikakizika kwa mkono wangu.

BwiruKwetu
Naondoa maneno yangu kuhusu karani. Mwizi amepatikana.

Karabai
Jumatano, saa 7:42 mchana

Usijipige sana, hata watu wa seva kubwa wamenaswa hapo. Tufanye kazi. Kwanza subiri karani afunge hesabu, msiuze kitu wakati unabadilisha. Kisha:

`sudo timedatectl set-timezone Africa/Dar_es_Salaam`

Angalia herufi: D kubwa, "es" ndogo, S kubwa, na mistari ya chini badala ya nafasi. Ukikosea herufi moja itakataa, na heri ikatae. Hakuna haja ya kuzima mashine. Hakikisha kwa:

`date`
`ls -l /etc/localtime`

Ya kwanza ionyeshe EAT, yaani saa za Afrika Mashariki. Ya pili ikuonyeshe kiungo kinachoelekea kwenye faili lililo ndani ya `/usr/share/zoneinfo`. Hiyo ndiyo siri yote ya saa za eneo kwenye Linux: `/etc/localtime` ni kidole tu kinachoelekeza kwenye faili la mji fulani, na faili hilo lina historia ya saa za mji huo. Unapobadilisha zoni saa yenyewe huigusi. Jaribu kuandika `date +%s` kabla na baada. Utaona namba ndefu, sekunde tangu tarehe 1 Januari 1970 kwa UTC, na itakuwa imesogea kwa hizo sekunde ulizotumia kuandika tu.

Ila programu zilizokwisha kuwaka haziambiwi. MySQL inasoma zoni ya mfumo pale inapowashwa, baada ya hapo haigeuki nyuma. Cron, inayoendesha kazi kwa ratiba, nayo hivyo hivyo. Kwa hiyo:

`sudo systemctl restart mysql cron`

Halafu ingia MySQL uulize:

`SELECT NOW(), UTC_TIMESTAMP(), @@system_time_zone;`

Ukiona bado `-03`, hujaiwasha upya. Swali moja: muda wa mauzo unaandikwa na PHP au na MySQL? PHP ina zoni yake kwenye `php.ini`, kwenye `date.timezone`, na ikiwekwa hapo haisikilizi mfumo.

Mwanakirumba
MySQL. Natumia `NOW()` kwa safu ya `muda` na `CURDATE()` kwa safu ya `tarehe`. PHP inaonyesha tu.

Sato_Mkavu
Ila mimi nasema kwenye seva uache UTC tu, programu ndiyo igeuze saa wakati wa kuonyesha. Ndiyo utaratibu unaofuatwa.

Karabai
Kwenye seva ya kukodi yenye wateja wa nchi tano nakubaliana nawe, hata yangu nimeiacha UTC. Lakini hii ni mashine moja chini ya meza, inasomwa na karani na kaka mtu. Ukiiwekea UTC, saa tisa usiku itaandika saa sita usiku, mtarudi hapa na uzi mwingine.

KamangaFeri
Jumatano, saa 8:15 mchana

Naomba nichomekee. Mimi nashughulika na mizigo inayovuka Rusumo, na Rwanda wako nyuma yetu saa moja. Ukivuka daraja tu simu inaruka. Nimewahi kumwambia mteja wa Kigali "saa mbili kamili", kila mtu akaja kwa saa mbili yake. Wateja wa Bukavu ndiyo kabisa, wanaongea Kiswahili kama sisi, unasahau kwamba saa mbili yao ni saa tatu yetu. Je, lazima nibadilishe mfumo mzima kila nikitaka kujua saa ya upande wa pili?

Karabai
Hapana. Weka zoni mbele ya amri, itatumika kwa amri hiyo moja tu:

`TZ=Africa/Kigali date`

Kwa Goma na Bukavu tumia `Africa/Lubumbashi`. Mfumo unabaki ulivyo.

KamangaFeri
Nimejaribu `TZ=Africa/Mwanza date` kwa utani. Imekubali! Ila imenipa saa iko nyuma saa tatu, na imeandika "Africa". Ndiyo nini?

Karabai
Huo ni mtego wa pili, na ni mbaya kuliko wa kwanza kwa sababu haupigi kelele. Hakuna `Africa/Mwanza`. Ukiiwekea `TZ` jina lisilokuwepo, Linux haikatai, inakupa UTC na kuivalisha jina uliloandika. Andika `TZ=EAT date` uone: itakuonyesha EAT kwa herufi safi kabisa, lakini saa ni ya Greenwich. `timedatectl` angalau inahakiki jina kabla ya kuliweka. Ukitaka kuandika kwa mtindo wa zamani ni `TZ=EAT-3`, na hiyo hasi ni ile ile iliyomponza mwenzetu.

MzalendoMalimbe
Hivi kwa nini Dar es Salaam wakati makao makuu ni Dodoma? Nani anawaambia wazungu wabadilishe?

Karabai
Majina yale hayafuati makao makuu. Wanachukua mji wenye watu wengi katika eneo. China ni Shanghai, siyo Beijing. Marekani ya mashariki ni New York, siyo Washington. Na kwa taarifa yako, kwenye hazina ya zoni Dar es Salaam siku hizi ni kiungo tu kinachoelekea Nairobi, na Kampala vile vile, kwa kuwa saa zetu hazijatofautiana tangu 1970.

MzalendoMalimbe
Nairobi tena. Nimejuta kuuliza.

dada_Buzuruga
Jumatano, saa 9:05 alasiri

Mimi nina kompyuta sita za Windows, kibanda changu cha kuchapa na intaneti. Zote zimeletwa zikiwa na saa za Pacific, kila asubuhi nabonyeza mashine moja moja na kipanya. Kuna njia ya skrini nyeusi?

Karabai
Ipo, dada. Kujua ilipo: `tzutil /g`. Kuona orodha: `tzutil /l`. Kubadilisha:

`tzutil /s "E. Africa Standard Time"`

Alama za nukuu usiziache. Windows ina majina yake, haijui Dar es Salaam. Kwenye PowerShell ni `Set-TimeZone -Id` na jina hilo hilo. Weka ule mstari wa `tzutil /s` kwenye faili la `.bat` kwenye flashi, pita nalo mashine zote sita. Na kama kuna mashine yenye Windows na Linux pamoja, halafu Windows inaamka ikiwa nyuma saa tatu, hiyo si zoni: Linux inaiandika saa ya ubao kwa UTC na Windows inaisoma kama saa ya hapa. Fungulia uzi wake.

MzeeWaIgombe
Jumatano, saa 11:20 jioni

Vijana, nimesoma wote. Mimi nilifundisha jiografia, sasa nafuga kuku, na naona mnaionea mashine.

Siku huanza lini? Mnasema usiku wa manane, saa ambayo hakuna kiumbe anayeona kitu kinaanza. Mashine ile ilikuwa inaanza siku alfajiri, pale jogoo wangu anapoanza. Hilo si kosa, hiyo ni adabu.

Tena hiyo +3 yenyewe si ya Mwanza. Ni saa ya nyuzi 45 mashariki, huko Bahari ya Hindi na Somalia. Mwanza iko karibu nyuzi 33. Pungufu ya nyuzi 12, kila nyuzi dakika 4, jumla dakika 48. Ndiyo maana hapa jua kwa wastani linafika utosini saa saba kasoro dakika 12, siyo saa sita. Wakoloni wenyewe walihangaika: Nairobi iliwahi kutumia saa mbili na nusu mbele ya Greenwich, ikatumia saa mbili na robo tatu, ndipo ikakaa kwenye tatu.

Karabai
Shikamoo mwalimu. Na mashine inakumbuka hayo:

`TZ=Africa/Nairobi date -d '1940-06-01 12:00 UTC'`

Inajibu 14:45 na `+0245`.

MzeeWaIgombe
Marahaba. Basi ina akili kuliko nilivyodhani.

Mwanakirumba
Jumatano, saa 2:50 usiku

Zoni imebadilika, `date` inasema EAT, MySQL imewashwa upya. Saa ya pembeni nimeirudisha ya saa 24. Karani kaitazama akasema "sasa ndiyo imeharibika."

Kazi imebaki ya kurekebisha mauzo ya nyuma. Ni mistari kuanzia namba 18407 mpaka 23951. Niongeze saa sita tu?

Karabai
Jumatano, saa 3:15 usiku

Kabla hujagusa chochote, `mysqldump` ya hazina nzima, nakala moja kwenye flashi, flashi mfukoni.

Kisha angalia aina ya safu. Kama `muda` ni DATETIME, MySQL iliandika maneno kama yalivyo, kwa hiyo inahitaji saa sita. Kama ni TIMESTAMP, ndani imehifadhiwa kwa UTC na tayari imejinyoosha yenyewe ulipobadilisha zoni. Ukiiongezea saa sita utakuwa umeikosesha upya.

Fanya ndani ya muamala, ili ukikosea urudi:

`START TRANSACTION;`
`UPDATE mauzo SET muda = muda + INTERVAL 6 HOUR WHERE id BETWEEN 18407 AND 23951;`
`UPDATE mauzo SET tarehe = DATE(muda) WHERE id BETWEEN 18407 AND 23951;`

Usiandike `COMMIT` (ya kukubali mabadiliko) mpaka ile risiti ya EFD ya 04:52 ilingane. Na usiiendeshe mara mbili kwa kupaniki, utakuwa umeongeza saa kumi na mbili.

Mwanakirumba
Alhamisi, saa 3:30 asubuhi

Ilikuwa DATETIME. Nimeongeza, risiti ya 04:52 imekaa mahali pake tarehe 29, nikaandika COMMIT nikiwa nimefumba jicho moja.

Usiku nimelinganisha siku zote 74, tangu 22 Juni mpaka 3 Septemba, mashine na daftari. Siku 73 zimelingana kabisa. Siku moja tu ina upungufu wa shilingi 15,000. Nimefungua daftari la karani ukurasa wa siku hiyo, chini kabisa kwa kalamu nyekundu kaandika: "Bosi amechukua 15,000 ya bodaboda, kasema atarudisha."

Asubuhi nimemwita kaka na karani pamoja, nikaeleza yote, na kwamba aliyekosea ni mimi. Binti kanisikiliza mpaka mwisho, kisha kauliza: "Kwa hiyo ilikuwa inasema saa nne, na ilikuwa saa nne, halafu ndiyo ilikuwa inakosea?" Nikasema ndiyo. Akatikisa kichwa, akaenda kupima gunia.

Kaka kamlipa mshahara wake pale pale. Ile 15,000 bado.

dada_Buzuruga
Na wewe je, umemwomba radhi peke yako, au kwenye kikao tu?

Mwanakirumba
Nimempelekea sato mbili za Igombe nyumbani kwao. Mama yake kapokea, hakunikaribisha kukaa.

Mwanakirumba
Ijumaa, saa 2:10 asubuhi

Wakuu, samahani narudi tena. Kaka analalamika. Zamani ripoti ilikuwa inaingia kwenye simu yake saa kumi na mbili asubuhi akiamka. Sasa inaingia saa sita usiku, inamwamsha.

Karabai
Ile cron yako ilikuwa ya usiku wa manane wa Brazili. `crontab -e`, badilisha `0 0 * * *` iwe `0 6 * * *`. Na ndani ya ripoti hakikisha unaomba mauzo ya jana, maana saa kumi na mbili tayari una saa tatu za mauzo ya leo.

MzeeWaIgombe
Si niliwaambia.